Aliyenianulia Omena

Nakumbuka siku niliyopiga yowe mara moja tu, na mtu asiye na kosa akakaribia kufa mbele ya macho yangu. Nimeanza na hilo makusudi, mwanangu, usije ukadhani nimekuketisha hapa kukufundisha adabu kwa sababu nilizaliwa nayo. Sikuzaliwa nayo. Nilizaliwa na mdomo, na mama yangu kule Awasi alilisema hilo kabla sijaota meno yote.

Nasikia umekasirika. Nasikia simu ya mumeo imelia mara tano haikushikwa, ujumbe wako umesomwa na haukujibiwa, na jirani yako amepita mbele ya mlango wako asikusalimu. Na sababu zote tayari unazijua, hujamuuliza mtu hata mmoja. Kaa kidogo. Igeuze hiyo simu kifudifudi. Nikusimulie yangu kwanza, halafu ukitaka kukasirika utaendelea, sitakuzuia.

Niliolewa kwenye ufuo mmoja nje kidogo ya mji wa Kisumu. Jina lake silitaji, maana walioshika mawe siku ile wengine bado wako hai, ni wazee wa kanisa, wana wajukuu, na sitaki kuwaharibia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Mume wangu Odhiambo, Odhis kwa rafiki zake, alikuwa fundi wa injini za boti. Wakwe zangu waliniita Nyar Awasi, binti wa Awasi, kama wanavyomwita mke yeyote kwa jina la kwao. Na kwetu Awasi hakuna ziwa. Kuna soko, kuna barabara ya Kericho, kuna matrekta ya miwa yanayokwenda Muhoroni. Samaki sisi tulimjua akiwa sokoni ameshakauka.

Kazi niliyoikuta kwa mume wangu ni ya omena, dagaa wa ziwa letu. Wewe unazijua zikiwa sahanini na ugali, hujui zinavyotesa watu ufuoni. Boti zinarudi alfajiri, wanawake tunachukua omena kwa ndoo, tunazianika juu ya neti kuukuu zilizotandazwa kwenye nyasi, kila mtu na mahali pake. Jua likiwaka vizuri, kufikia jioni zimekauka. Mvua ikizikuta mbichi zinaoza, zinanuka, na hapo anayezitaka ni mwenye kuku peke yake. Na mvua ya ziwa letu haipigi hodi. Inakuja mchana, ukiwa umeshaamini kwamba leo haiji. Unaona maji yamegeuka rangi, upepo unakupiga usoni, na imefika.

Kwa hiyo ufuo ule ulikuwa na desturi yake. Mvua ikitisha na mwenye omena hayupo, aliye karibu anamwanulia. Haombi ruhusa wala hatumi mtu. Anazizoa, anazitia guniani, anazipeleka popote palipo na paa: jikoni kwake, kanisani, dukani, chini ya boti iliyopinduliwa. Nawe ukirudi ukakuta neti yako tupu, huulizi nani amechukua. Unauliza, "Nani amenianulia?" Unauliza kwa sauti, unacheka, asante yako iko tayari mdomoni. Hakuna aliyenifundisha hilo, kwa sababu watu waliozaliwa pale hawakuliona kuwa jambo la kufundishwa. Au labda lilisemwa na mimi wakati huo nilikuwa naongea.

Sasa nikwambie nilivyokuwa ndani ya nyumba yangu. Odhiambo alikuwa mtu wa maneno machache. Anakula, anasema "nimeshiba", anarudi kwa injini zake. Mimi nilitaka mtu wa kuongea, kwa hiyo kimya chake nilikijaza mwenyewe. Akinyamaza, nilisema amechoka nami. Akichelewa, nilisema ana mambo yake. Nilipokuwa na mimba ya Akinyi, mume wangu alikuwa akinichotea maji ziwani kwa baiskeli, mitungi minne kila asubuhi, na wanaume wenzake walikuwa wakimpigia mluzi na kumwita mke wa Nyar Awasi. Unajua mimi niliona nini? Niliona matope ya miguu yake sakafuni, na nikamwambia. Miezi minne alichota maji yale na sikumwambia asante hata mara moja.

Na kulikuwa na Kamau. Kamau alitoka Nyeri, hakuwa wa kabila letu, alikuwa na duka la mahindi na maharage pale juu, njia ya ufuo inapokutana na barabara. Aliishi hapo na mkewe Wairimu na watoto wao miaka tisa. Kijaluo chake kilichekesha watoto, lakini alikiongea bila aibu. Hata hivyo kitu kikipotea ufuoni, macho ya watu yalipanda mpaka kwenye duka lile. Kamba imepotea, wanatazama juu. Taa ya boti imepotea, wanatazama juu. Mimi, mgeni wa miaka miwili, niliyeshindwa kujifunza desturi nzuri ya watu wale, hii ya kutazama juu niliijua ndani ya wiki moja.

Siku yenyewe nilikuwa na miadi ya kumpeleka Akinyi chanjo. Omena nilikuwa nimezianika asubuhi, nyingi kuliko siku zote. Nikamwambia Odhiambo, "Baba Akinyi, uniangalizie." Alikuwa ameinamia injini, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Akasema, "Nitaangalia." Hakuinua kichwa. Basi hasira yangu ilianzia hapo, mwanangu, hata mvua haijafikiriwa. Nilikwenda kliniki nikiongea peke yangu njiani. Neno moja tu! Hata kunitazama hawezi!

Foleni ilikuwa ndefu. Saa tisa ndipo nilipotoka, na nikiwa bado barabarani nikaona upande wa ziwa kumekuwa kweusi. Nilikimbia na mtoto mgongoni. Nilipofika, neti yangu ilikuwa tupu. Hata omena moja haikubaki. Nikatazama mahali pa kazi pa Odhiambo: injini imefunguliwa, spana zimetupwa chini, mwenyewe hayupo. Na kwenye kibanda cha chai, televisheni ilikuwa inaonyesha mpira na wanaume wanapiga kelele.

Nikajua. Hakuna aliyeniambia, sikuingia kibandani kutazama, lakini nilijua kabisa. Mume wangu ameacha omena yangu akaenda kwenye mpira, na mtu ameichukua. Nikageuka nitazame ni nani, na macho yangu, kama yalivyozoea, yakapanda juu.

Kamau alikuwa anausukuma mkokoteni kwenye njia ya kwenda barabarani, ameinamisha kichwa, anakwenda mbio. Chini ya turubai nikaona shingo za magunia zimefungwa kwa vitambaa vyekundu. Vitambaa vile nilivichana mwenyewe kutoka kwa leso yangu kuukuu. Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka. Nikafungua mdomo.

"Jakuo! Mwizi! Jakuo!"

Mwanangu, neno hilo kwetu halina mtu wa kuuliza maswali. Ukilitoa limekwenda, na wanaolipokea ni miguu na mikono. Kibanda cha chai kilimwaga watu. Vijana wa boda, siku hizo boda zilikuwa za baiskeli, walizitupa baiskeli zao chini. Wavuvi walitoka kwenye neti zao, mmoja akiwa na kasia mkononi. Walimfikia Kamau hata hajafika nusu ya njia. Walimvuta kutoka kwenye mkokoteni kwa shati, shati likachanika, akaanguka kwa magoti. Jiwe la kwanza lilimpata pembeni ya kichwa, juu ya sikio. Nililisikia likimpata.

"Ni Odhis!" alikuwa anasema. "Ni Odhis amenituma! Jamani, ni Odhis!"

"Odhis gani? Unaibia mpaka mama wa mtoto mdogo!"

"Hawa watu tuliwaambia warudi kwao. Huyu wacha arudi akiwa kwa sanduku!"

Nami nilikuwa nasukumana na watu nipate kuona. Sitakuficha, nilitaka kuona. Nilifika mpaka kwenye mkokoteni na nikashika turubai, nivute magunia yangu. Turubai lile nililijua. Lilikuwa la bluu, limeshonwa pembeni kwa uzi wa nailoni, na kila siku lilifunika maharage yaliyokuwa yamepangwa nje ya duka la Kamau. Nikainua macho. Pale juu, mlangoni mwa duka, magunia ya maharage yalikuwa wazi, vinywa vimetazama juu, na mvua sasa ilikuwa inamiminika ndani yake. Wairimu alikuwa anavuta gunia moja kwa mikono miwili, halisogei. Kisha akasikia kelele, akatazama chini, akaliachilia na kuanza kukimbia kuja kwetu.

Hapo nikaelewa. Mtu huyu aliifunua mali yake akaiacha kwa mvua ili afunike yangu.

Na nikanyamaza. Unanisikia? Kupiga yowe lilikuwa kosa la mjinga, na mjinga anaweza kusamehewa. Lakini pale kwenye mkokoteni sikuwa mjinga tena. Nilijua Kamau hajaiba, nikashika turubai lake mkononi, na nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria watu watasema nini juu yangu. Nilikuwa nafikiria kwamba nikisema nimekosea, mawe yale yatanigeukia mimi. Kasia lilishuka mgongoni mwake mara mbili wakati mimi nafikiria. Nilikuwa nimefumba mdomo uliokuwa haufungiki tangu nizaliwe.

Aliyeniokoa, na kumwokoa Kamau, ni bibi mmoja wa kuanika omena aliyeitwa Pilista. Sote tulimwita Dani, yaani bibi. Alikuwa mjane, mwembamba, mkubwa kuliko sote pale ufuoni. Alikuja na beseni kichwani kujikinga mvua, akapita katikati ya wanaume wale bila kupaza sauti. Aliweka beseni chini. Kisha akaketi matopeni karibu na kichwa cha Kamau, akanyoosha miguu, vile wanawake wanavyokaa wakichambua omena. Mwenye kasia alibaki amelinyanyua, hana pa kulishusha.

"Nani alipiga nduru?" akauliza.

"Ni mimi, Dani."

"Nyar Awasi. Kuja hapa." Nikaenda. "Ulimuona akichukua?"

"Nilimuona akienda nazo."

"Hiyo sijakuuliza. Ulimuona akiiba?"

Mvua ilikuwa inapiga migongo ya watu na hakuna aliyesogea. Kamau alikuwa amejikunja, damu inashuka shingoni, na jicho moja linanitazama.

"Sikumuona," nikasema.

"Uliuliza nani amekuanulia?"

"Sikuuliza."

"Na saa hii unajua nini?"

Yule bibi alikuwa ameniona nimeshika turubai. Alijua ninachojua. Ningeweza kusema sijui kitu, na kasia lingeshuka mara ya tatu, kichwani. Nikasema, "Najua hakuiba, Dani. Turubai ni yake. Maharage yake inaloa pale juu."

Mwenye kasia akanigeukia. "Kumbe ulitutuma kuua mtu bure?" Akapiga hatua moja kuja kwangu, na nyingine. Akinyi alikuwa analia mgongoni na mimi sikuweza hata kurudi nyuma. Hapo ndipo niliposikia mtu akiita jina langu kutoka chini ziwani.

Alikuwa Odhiambo, amelowa mpaka kifuani, kamba begani. Hakuwa kwenye mpira. Boti iliyojaa abiria ilikuwa imezimikiwa na injini, upepo unaisukuma kwenye mawe, na yeye na wengine wawili waliingia majini kuivuta. Alipokuwa anakimbilia maji alikutana na Kamau akitoka kununua samaki, akamwambia, "Omera, ndugu yangu, anulia mama mtoto omena, mvua ndiyo hiyo." Kisha akaenda, na Kamau akapanda mbio dukani kuchukua mkokoteni na turubai. Alikuwa amesema ataangalia, na aliangalia.

Alitazama magunia, akamtazama Kamau, na akaelewa. Akasema, "Mimi ndiye nilimtuma." Akayashusha magunia yangu kutoka kwenye mkokoteni yakiwa chini ya turubai, wanawake wakayakimbiza jikoni kwa Dani, naye akambeba Kamau kwa mikono yake akamlaza hapo, na wale wale waliokuwa wakimpiga wakasaidia kuusukuma kwenda hospitali, Wairimu akikimbia kando yake. Mimi alinitazama mara moja tu. Ningefurahi kama angenitukana.

Kamau alipona, lakini sikio la kushoto halikusikia tena. Maharage yao yalivimba na kuota, yakatupwa. Omena yangu ilikaa kavu jikoni kwa Dani Pilista, hata moja haikulowa.

Siku nne Odhiambo hakusema nami ila kuhusu mtoto. Siku ya tano, mchana, aliweka chini sahani yake akaniuliza, "Uliponikosa, ulifikiria niko wapi?"

"Kwa mpira."

"Uliingia ukaniona?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa taratibu. "Miaka miwili unanihukumu nikiwa sipo, Mama Akinyi. Nikirudi nakuta kesi imeisha. Mimi nimevumilia kwa sababu nilifikiria inaniumiza mimi peke yangu." Kisha akasema Wairimu ameanza kufunga mizigo, na gari limeshatafutwa. "Kama Kamau ataondoka hapa kwa sababu ya nyumba hii, hii nyumba imekwisha. Siwezi kupita mbele ya hiyo duka ikiwa imefungwa, halafu nikuje nikae hapa nile chakula yako."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa lile kasia. Nilikwenda kwa Dani Pilista nikilia, nikamwambia nitakwenda kuomba msamaha hata kwa magoti.

"Nenda," akasema. Alikuwa anapepeta omena, hakuacha kazi. "Hiyo ni safari ya kwanza."

"Ya pili ni ya nini, Dani?"

"Mtu alikuanulia omena. Umemwambia asante?"

Nilikasirika, mwanangu. Hata katika hali ile nilikasirika. Nikamwambia mtu amevunjwa kichwa, nitaanzaje kuzungumza habari za omena?

"Msamaha unaenda kuomba ili wewe ulale," akasema. "Asante ni yake. Mmempiga na bado mmemnyima."

Safari ya kwanza nilikwenda na Odhiambo. Wairimu alisimama mlangoni akaniambia jambo moja tu, "Watoto wangu waliona." Kamau alikuwa amekaa kwenye kiti, kichwa kimefungwa bandeji. Nilipiga magoti nikasema yote, hata ile sehemu ya kunyamaza ambayo hakuna aliyeijua ila mimi na Dani. Odhiambo aliisikia hapo kwa mara ya kwanza. Kamau akasema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe. Nyuma yake Wairimu aliendelea kukunja nguo na kuzitia begini.

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, mchana, gari la mizigo likingojewa kesho yake. Nilibeba beseni la omena zile zile kichwani na kupita ufuoni, mbele ya wanawake wote. Nilifika mlangoni mwa duka nikasema, "Baba, nimekuja kusema asante. Ulinianulia omena."

Alinigeuzia sikio la kulia, na nikafikiri hakusikia, nikasogea upande huo nirudie. Akainua mkono.

"Mimi nimesikia," akasema. "Wale ndio hawajasikia." Akaonyesha ufuo. "Ile nduru ya kwanza walisikia wote."

Basi nikateremka mpaka pale alipoangushwa. Nikapaza sauti. "Kamau alinianulia omena! Mvua ilikuja na mimi sikuwepo, Kamau akanianulia! Erokamano, Kamau! Asante!"

Wanawake waliinuka kutoka kwa neti zao, mikono kiunoni. Nilisimama na beseni langu nikitamani ardhi inimeze. Halafu Dani Pilista akajibu kutoka chini, "Na mimi alinianulia! Siku ya mazishi ya dada yangu!" Mwanamke mwingine akasema, "Yawa, jamani, na mimi. Mwaka jana, nikiwa na malaria." Na mwingine. Na mwingine. Kumbe miaka tisa mtu yule alikuwa akishuka kutoka dukani kwake kila mvua ikitisha, na watu walimaliza asante zao wao kwa wao, yeye akiwa amesharudi juu. Yule kijana wa kasia alikuwa ameketi juu ya boti. Alivua kofia yake akaficha uso ndani yake.

Niligeuka. Kamau alikuwa amesimama mlangoni, ameshika nguzo, machozi yanateremka na hayafuti. Wairimu alitoka akanipita kwanza, akatazama ufuo muda mrefu. Kisha akarudi akaliteremsha beseni kichwani mwangu.

"Ingia," akasema. "Kuna chai."

Hawakuondoka. Nisikudanganye kwamba tulikuwa marafiki wakubwa, maana Wairimu hakunipenda sana hata baada ya hapo, na ana haki. Lakini watoto wake walikulia pale, na mmoja amefanya harusi juzi, nami nilipika.

Jioni ile nilimkuta Odhiambo anaosha mikono uani. Nikamwambia, "Baba Akinyi, asante kwa maji."

"Maji gani?"

"Ya wakati wa mimba. Mitungi minne."

Alisimama na sabuni mkononi. "Nilidhani hukuona," akasema.

"Niliona. Nilinyamaza tu."

Akaketi kwenye ngazi akajifunika uso kwa mikono ile ile yenye sabuni. Mume wangu hakuwa mtu wa kulia. Nikaketi naye, na kwa mara ya kwanza kimya chake sikukijaza.

Sasa nasaha zangu ni hizi, mwanangu, nizinyooshe usije ukasema bibi alizungukazunguka. Mtu akiwa hayupo, usimhukumu. Mngoje, umuulize, na umuulize kwa namna ambayo jibu jema linaweza kuingia mlangoni. Kabla hujasema mumeo hakufanya, tafuta alichofanya ambacho hukukiona, au ulichokiona ukanyamaza. Jirani wa kabila lingine, au wa dini nyingine, au mgeni tu, mdhanie mema kama unavyomdhania wa kwenu, na zaidi kidogo, kwa kuwa wa kumsemea ni wachache. Ukikosea mbele za watu, rekebisha mbele za watu. Na asante usiiweke moyoni, huko haimfikii mtu. Iseme.

Sikwambii umdhanie mema anayekupiga. Ukiona kwa macho yako unaumizwa, hiyo si dhana, ondoka uje kwangu, mlango uko wazi. Nazungumzia yale mengi tunayoyaona kwa hasira tu.

Nenda na baraka yangu. Mungu akupe nyumba ambayo anayechelewa kurudi anaombewa afike salama. Akupe majirani wasioona haya kukushika mkono, nawe akupe moyo wa kuwapokea. Na siku watu watakapokuzungumzia wewe hupo, Mungu aweke hapo mtu mmoja, hata mmoja tu, wa kuketi chini katikati yao na kuuliza kama kuna aliyekuona. Amina.